Guu la Kushoto

Kililetwa Jumanne nyuma ya pikapu,
kimeviringishwa blanketi la farasi, guu moja linaning'inia.
Nikacheka peke yangu: ng'ombe avunjikapo guu
hurejea zizini. Na zizi lenyewe
ndiyo karakana yangu, New Braunfels, Texas,
kati ya duka la soseji na kituo cha mafuta.

Nikahesabu pembe. Nne za miguu,
kila ncha imevishwa gurudumu la shaba.
Mbili za kuwekea mikono, mbili za kushika kikalio,
sita za mgongo, zimepinda huku na huku
kama watu wanaogombania shamba.

Ukiipitishia pembe msasa, hutoa harufu
ya ukucha uliokaribia moto.
Miaka mia na zaidi, bado ni mnyama.

Chini ya kitambaa: singa, misumari yenye kutu,
na namba za penseli, mkono wa fundi asiyejulikana.
Moja, mbili, tatu,
tano.
Nne haipo. Mahali pake pana pembe fupi,
nyeusi nchani, ina kovu la kamba.
Ndilo guu lililovunjika.

Nikampigia simu mwenye kiti, Bi Otilie Voges.
"Hizo nyingine," akasema, "babu alizinunua kwa gunia
machinjioni San Antonio. Hiyo ni ya Frieda.
Mwaka wa ukame alitunyonyesha sote,
watoto saba na paka."

Mwanawe, Dwayne, alikuja na buti zinazong'aa.
Itoe, akasema, tafuta inayofanana na wenzake.
Mnunuzi wa Dallas hataki kilema.

Mimi nimezaliwa Kongwa.
Ng'ombe mwenye jina hauzwi kwa uzito.
Hilo sikumwambia; nilimwambia gundi haijakauka.

Jumamosi bibi akaja mwenyewe, na mkongojo.
Akakaa. Kiti kikainama kushoto kidogo,
naye akainama nacho bila kufikiri,
kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili.
Hakusema asante. Alisema, "Hapo."

Dwayne amepiga simu mara mbili tangu asubuhi.
Risiti nimeshaiandika, kwa kalamu isiyofutika:
gundi, kijiti cha mwaloni ndani ya pembe, siku nne za kazi.
Na pale palipotaka aina ya kifaa,
Frieda, guu la kushoto.