Jumamosi Tunahamisha Vyombo

Studio yangu ni sauna.
Usicheke. Ghorofa ya tano, Hervanta, mji wa Tampere,
chumba cha mbao kisichozidi makabati mawili:
benchi la juu limebeba amplifaya,
benchi la chini limenibeba mimi,
na juu ya jiko la mawe, lililozimwa na kufunikwa ubao,
pedali sita zimejipanga kama viatu vya wageni mlangoni.

Waya wa umeme unapita chini ya mlango.
Nimeubandika sakafuni kwa tepu nyeusi
tangu Marketta ajikwae akiwa na kahawa.
Hakusema kitu. Aliitazama kahawa ukutani,
akaenda kuleta kitambaa,
akanikabidhi.

Miaka thelathini na mmoja natengeneza lifti.
Nikisimama ndani yake, nyayo zangu huniambia
kamba ipi imelegea, beringi ipi inalia.
Lakini uzi wa pili wa gitaa langu
hunidanganya kila jioni,
nami huingojea taa ya kijani ya kipima-uzi
kama mtu anayengoja ruhusa
ya kuvuka barabara tupu.

Mcheza mbaya husingizia uwanja.
Mimi nilinunua uwanja mwingine.
Kisha mwingine: wa mwangwi, wa ngurumo,
wa kuitetemesha sauti kama utambi kwenye upepo,
na pedali moja ya bluu ambayo sikuwahi kujua
inafanya nini, ila iliwaka vizuri gizani.
Vidole vikabaki vilevile.
Kodi ya F, ile ya kulaza kidole kimoja
juu ya nyuzi zote sita,
bado nadaiwa.

Saa nne usiku jengo hunyamaza, ndiyo kanuni.
Navaa hedifoni. Kwa Kankkunen wa chini
hakifiki kitu ila kisigino changu,
kinachoiwahi metronomu kila mara.
Kitufe cha sauti kina namba mpaka kumi.
Hakijawahi kuvuka moja.

Januari nikatangaza kuiuza ile ya bluu.
Akaja kijana, Niilo, kwa baiskeli,
nje digrii ishirini na mbili chini ya sifuri,
nyusi zake nyeupe kwa barafu.
Akavificha vidole kwapani, akangoja,
akauliza kama anaweza kuijaribu.
Akakaa benchi langu. Akakizungusha kitufe
mpaka nne, bila kuniangalia,
kama mtu anayefungua bomba kwao.

Sijui nielezeje.
Upawa wa shaba, ule wa kumwagia maji,
ulianza kulia wenyewe pale ulipotundikwa.
Amplifaya ileile. Gitaa lilelile.
Na ile ya bluu kumbe ilikuwa na kazi:
nyuma ya kila noti iliacha noti ndogo,
kama mtoto anayemfuata mama yake dukani
akigusa kila kitu.
Bomba la joto likagongwa kutoka chini.
Mara moja tu. Kisha kimya
cha mtu anayesikiliza,
au anayetafuta nyundo.

Niilo akalipa euro arobaini na tano,
akaitia pedali ndani ya soksi ya sufu,
soksi ndani ya koti, akaondoka.
Juu ya ubao pakabaki
mstatili usio na vumbi.

Kesho yake Jumamosi, Marketta anataka mvuke wake.
Tukahamisha vyombo kama kila wiki,
yeye amplifaya, maana ana mgongo,
mimi gitaa, kama nimebeba mgonjwa.
Mlangoni akaniuliza:
"Jana ulikuwa wewe?"
Ningeweza kusema ndiyo.
"Mpaka moja ni mimi," nikasema.
"Nne alikuwa mgeni."
Akacheka mpaka akaweka amplifaya chini.

Jumapili mbao zilikuwa bado vuguvugu.
Nikarudisha vyote, vitano, nikachomeka plagi.
Nikakisogeza kitufe mpaka mbili.
F. Nyuzi nne zikalia, mbili zikakataa.
Nikautazama upawa.
Haukutikisika.
Nikapiga tena.