Masinia

Udongo nimeuchota malishoni Mwakirunge,
mbuzi walipokula hadi tumbawe,
vidole vitatu kwenda chini, si zaidi.
Nimeutandaza juu ya paa, Kisauni,
kwenye masinia ya pilau niliyoyatoboa kwa msumari.

"Mbeyu, wamwagilia vumbi?" asema Bi Mwanaiki.
"Na mtungi shilingi hamsini!"

Wiki ya kwanza, vumbi.
Ya pili, mavi ya kunguru.
Ya tatu nahesabu: mbigiri arubaini,
kikwata kimoja,
na unyasi mwembamba kama uzi wa kofia
ambao baba alikuwa akiuita kwa jina.
Jina nimelisahau.

Akiba haiozi, wasema.
Nyingi imeoza.
Huu umengoja miaka chini ya kwato.

Nampigia baba.
Yaita.
Yaita bado.