Kichaka cha Pinnock

Kwetu tusingekiita msitu.
Ukiingia kwa mguu wa kulia na sala fupi mdomoni,
kabla ya amina umeshatokea upande wa pili,
kondoo wanakukodolea macho.
Lakini hapa kina jina, kina ramani,
kina lango la mbao lisilozuia kitu.

Vijiji vitatu vimekizunguka kama wageni na sinia moja:
Ashcombe Kubwa, yenye nyumba kumi na moja;
Ashcombe Ndogo, yenye kanisa, baa na kiburi chote;
na Tarrow, ambako basi hufika Jumanne, likipenda.

Mimi hupita mara nne kwa siku,
baiskeli, koti la mvua, glavu za mpira mfukoni.
Saa mbili asubuhi namwogesha Bi Winifred Tuckwell,
miaka tisini na mmoja, mifupa ya ndege.
Haniulizi nimelalaje.
Huuliza: "Yamechanua?"

Machi nilimwambia bado.
Aprili, wiki ya kwanza, bado.
Naye hunisimulia, mgongo wake kiganjani mwangu, sabuni ikiteleza,
kwamba Tarrow haikuwa na makaburi,
kwamba babake alipitishwa humo kichakani,
wanaume sita, na katikati ya njia wakamtua kisikini
wabadilishane mabega,
na yeye, mtoto wa miaka saba, akaona haya,
maana siku ile chini kote kulikuwa buluu
naye akafurahi.

Kisiki kingalipo.
Kila baada ya miaka kadhaa Desmond Yelland
hukikata hadi usawa wa goti,
nacho huchipuza fito nyingine,
kama mtu aliyekatizwa maneno
akaendelea palepale alipoachia.

Leo nimeshuka kwenye baiskeli.
Sitasema bahari, nisije nikadanganya.
Ilikuwa kama nili ya kufulia
iliyomponyoka mtu usiku, akaogopa kusema,
na kufikia alfajiri imeshaenea mpaka mizizini.
Kibao kinasema usichume.
Nimekisoma mara mbili, kwa utulivu,
kama anayesoma mkataba wa kazi.
Nimechuma moja.

Saa mbili na robo. Nimechelewa.
Ameliona kabla sijavua kofia.
"Hairuhusiwi," amenikemea,
sauti ya mwalimu wa zamani, kidole juu.

Kisha amefungua kiganja.