Safu ya Tano

Walinipa kiti cha plastiki, fomu, na kalamu mbili,
wakasema: Ndewirwa, kaa hapa njia panda,
hesabu kila kinachokwenda uwanjani
tangu saa sita mpaka filimbi ya mwisho.
Safu zilikuwa nne:
magari madogo, mabasi, malori, pikipiki.
Kijiti, kijiti, kijiti, kijiti,
na cha tano kinawalalia wenzake.

Nikahesabu.
Mlima Meru ulikuwa umejifunika gubigubi
kama shahidi asiyetaka kuitwa mahakamani.
Kufika saa nane barabara ilikwama
mfano wa koo na mfupa wa sato.
Gari moja jeupe nililiandika saa saba na robo;
dakika arobaini baadaye lilikuwa bado mbele yangu,
dereva kashuka, kaegemea boneti, ananiuliza:
"Dada, hujanihesabu mara mbili kweli?"

Pembeni, kwenye ukingo wa mtaro,
walipita ambao fomu haikuwajua.
Vijana wa Muriet, bendera wamejifunga viunoni.
Mama mwenye beseni la mayai ya kuchemsha,
chumvi kaifunga kwenye kipande cha gazeti.
Baba na binti wamevaa jezi moja,
yaani binti kaivaa, baba kaibeba siku nyingi.
Na Eliakimu, aliyekuwa beki wa kulia
kabla lori la mchanga halijamfanya mtazamaji,
akisukuma magurudumu yake juu ya kokoto.
Alifika kwenye mtaro. Akautazama.
Akanitazama mimi na kalamu zangu mbili.
Akageuza.

Nimwandike wapi?

Nikachora safu ya tano kwa mkono, bila rula,
ikapinda kidogo upande wa chini.
Juu yake nikaandika: Waliorudi.

Mpaka mapumziko walikuwa sitini na watatu.
Kelele ya bao ilikuja juu ya mahindi,
ikawakuta baadhi yao njiani wakirejea;
wakasimama, wakaangaliana,
mmoja akashangilia bila kujua bao ni la nani,
kwa kuwa tiketi alikwisha lipia.

Filimbi ya mwisho ikalia, mkataba wangu ukaisha.
Lakini nilibaki kitini nikitazama tochi za simu
zikishuka gizani, moja moja, kisha mamia,
watoto migongoni, viatu mikononi,
na basi hata moja la kuwapokea halikuwepo.
Hakuna aliyenituma kuhesabu tochi.

Jumatatu Injinia Kweka aliishika fomu, akakunja uso.
"Hii safu nani kakwambia?"
"Hakuna."
"Kompyuta haina nafasi yake."
"Hata barabara haina."
Akanyamaza. Akatoa kifutio mfukoni,
akakizungusha vidoleni kama mtu anayehesabu chenji,
akakirudisha.
Nikalipwa elfu ishirini, nikasaini.

Masika ikapita na madaraja yake ya miti.
Siku moja, wala si siku ya mechi,
nikakuta mtaro umefunikwa zege,
upana wa mikono miwili iliyonyooshwa,
na kando yake nguzo ya kijani: KITUO.
Basi bado. Tukiuliza, tunaambiwa mchakato.
Wauza mahindi wameshaihamia nguzo,
na mbuzi wa jirani anajikunia hapo kila asubuhi.

Eliakimu alikuja jioni ile ile.
Akavuka. Akarudi. Akavuka tena,
huku akifoka kwamba kona ya kushoto ina bonde,
kwamba fundi alikuwa na haraka ya kwenda wapi,
kwamba maji yatatuama hapa, mtaona.
Mara ya tatu hakusema kitu.
Alinyoosha kuelekea uwanjani,
mageti yamefungwa, taa zimezimwa,
hakuna timu, hakuna tiketi.

Sikuwa na fomu.
Nikachora kijiti kimoja kwenye vumbi la nguzo
nikakiacha hapo, kikiwasubiri wenzake.