Kitufe cha N

Langoni, kibandani kwa Zaharani mpiga chapa,
kitufe cha N kimelegea tangu Shaabani.
Kadi mia za binti wa Bi Somoe zimetoka:
*Karibu doa ya Swabra.*

Zaharani kacheka hadi kofia ikamdondoka.
Mimi sikucheka. Nilishika kalamu,
nikarudisha N, kadi baada ya kadi,
nikaona jinsi herufi moja inavyofunika.

Ya sabini mkono ukateleza,
ukatia O mbele: *ondoa*.
Nikaiweka kando, uso chini.

Ya mwisho nikaongeza mbili nyuma, basi tu,
nione. *Ndoano.*
Nikajipapasa mdomo, hapa, pembeni,
miaka kumi na moja.

Bi Somoe akaja: Zimetimia?
Tisini na nane, nikamjibu.