Dakika Kumi na Moja

Julai thelathini na moja. Sakitu imeshaunguza viazi.
Nimekaa na daftari la wazazi, blanketi mabegani,
taa ya sola inakonyeza,
kalamu ya bluu mkononi, na ile nyekundu
nisiyopenda kuishika iko mezani.

Nahesabu kwa vijiti, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza:
vinne vimesimama, cha tano kimewalalia wenzake.
Waliojifungulia hapa, ishirini na tisa.
Njiani, wawili: mmoja kwenye ngano ya kina Swalo,
akaja na mtoto ndani ya sweta la mumewe,
kitovu kimefungwa kwa uzi wa gunia,
wazima wote, mama anaomba uji.
Nyumbani, sijui. Daftari halina miguu ya kupanda Makete.

Mwaka niliofika walikuwa tisa kwa mwezi.
Sasa Bwana Chaula wa takwimu ana mstari kwenye kompyuta
unaopanda kama barabara ya Kitulo,
na mwingine unaoshuka, wa vifo. Huo ndio kipenzi chake.
"Sista Enesia, usije ukaniharibia mstari,"
alisema akicheka, akamaliza chai yangu yote.

Tarehe kumi na nne, saa tisa usiku.
Zilpa Tweve, mimba ya tatu.
Kaletwa na bodaboda mbili; ya kwanza ilizimika mlimani,
akasimama kwenye ukungu ameshika mti, akisubiri ya pili.
Mtoto wa kiume, kilo mbili na gramu mia tatu.
Nilimkausha. Nilimsugua mgongo. Nikamwekea ambu
nikihesabu kwa sauti, pumzi, mbili, tatu,
pumzi, mbili, tatu,
simu begani inaniambia gari la wagonjwa
liko Njombe, linasubiri gurudumu.

Dakika kumi na moja.

Kulipokucha nikaandika: mfu.
Ni kisanduku chepesi kile. Mfu haulizwi.
Aliyezaliwa hai kisha akafa, huyo ana kikao,
ana fomu ya kurasa nane, ana wageni wa wilayani wenye makoti
wanaouliza kwa nini ulikuwa peke yako,
na wewe unawaeleza kwa nini ulikuwa peke yako
watu wanaojua kwa nini ulikuwa peke yako.

Jana Zilpa kaja kupimwa presha.
Kifua bado kakifunga kwa kanga, maziwa hayajakubali.
Hakulalamika. Alipofika mlangoni akageuka:
"Sista, uliandika kwamba alilia?"

Alilia. Mara moja, kidogo,
kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Mama mkwe alisikia, yuko nje na beseni.
Mimi nilisikia.

Basi naishika ile nyekundu.
Nakata "mfu" kwa mstari mmoja, neno libaki linasomeka,
ndivyo kanuni inavyotaka, mtu aone ulichokosea.
Sahihi pembeni: E. Mahenge.
Nahamisha kijiti. Waliozaliwa hai, thelathini na mmoja.
Waliofariki ndani ya saa ishirini na nne, mmoja.
Safu ya jina la mtoto haipo,
naandika ukingoni, kwa herufi ndogo: Yekonia.

Mstari wa Bwana Chaula utapinda.
Na upinde.
Waje na makoti yao, huku kuna baridi kweli.
Nitawachemshia chai, nitawaonyesha kitanda,
na pale dirishani, pekee simu inaposhika mtandao,
nitawaomba wasimame wahesabu kwa sauti
mpaka dakika ya kumi na moja. Sijui kama watafika.

Nafunga daftari. Bodaboda inapanda,
moja, haizimiki,
na sauti ya mwanamke inamwambia dereva asipite kwenye mashimo.
Natazama saa. Sita na dakika nne.
Huyu ni wa Agosti.