Mara Tatu, Dakika Tano

Agosti, Ghubra. Bomba la maji baridi
linatoa maji ya kuchemshia yai.
Tangi liko juu ya paa, na paa
liko karibu zaidi na jua kuliko na sisi.
Kwa hiyo Shinuna hulaza chupa zake kwenye friji tangu jana,
zimeandikwa kwa lugha tatu: si ya kunywa.
Hata hivyo Rodelio huuliza.

Kipande ni cha mikroni nne.
Ukipumua vibaya, kimekunjika.
Kimetoka Ibra, kwenye titi la mtu
ambaye hapa ni namba: hana jina, hana jirani.
Formalini imekitunza kama bahili atunzavyo,
kila kitu kipo, hakuna kinachofunguka.
Basi kichemshwe ndani ya sitireti, dakika ishirini,
kisha kiachwe kipoe chenyewe.
Hapo ndipo wanafunzi hushindwa.

Halafu kingamwili. Imetoka kwa sungura,
si yule wa hadithi, mwenye hila na shamba la watu;
huyu anajua neno moja tu
na usiku kucha, kwenye baridi ya nyuzi nne,
atalitafuta.
Asubuhi anakuja mbuzi. Kazi yake
ni kujua sungura amekaa wapi.

Kati ya mmoja na mwingine, kuosha.
Mara tatu, dakika tano tano.
Shinuna huandika ripoti kwa Kiingereza,
hugombana na idara ya manunuzi kwa Kiarabu,
lakini kuosha huhesabu kwa Kiswahili,
moja, mbili, tatu,
kama alivyosuguliwa masikio bafuni kule Ruwi
na bibi aliyesema: uchafu haujijui,
wenyewe unajiona ni rangi.

Jumapili alikosea.
Alisahau kuziba, matone mawili ya seramu, basi,
na kipande kizima kikageuka kahawia:
mafuta, mishipa, hata ukingo wa kioo.
Kila seli ilisema ndiyo.
Ndiyo ya wote si jibu.
Kwenye tofali la nta imebaki nyama
kama ukucha wa mtoto mchanga.

Leo anarudia. Tone la rangi, macho kwenye saa.
Hina ukiichelewesha hukolea, watu wakakusifu.
Hii ukiichelewesha inasema uongo.
Sekunde tisini na tano. Osha.
Kisha buluu kidogo, na yale maji ya friji,
ili na asiyesema kitu aonekane.

Anaanza na kile ambacho hakikupewa sungura.
Kimenyamaza. Alhamdulillahi, kimenyamaza kabisa.
Ndipo anasogeza kingine:
viini vya kahawia, viini peke yake,
kokwa za tende zilizosahauliwa
kwenye sahani ya buluu.

Chanya, anaandika. Asilimia tisini.
Maana yake kuna kidonge.
Si habari njema; ni habari yenye mlango,
na Ibra haitaipata kabla ya Jumanne.

Rodelio amesimama mbele ya friji,
anaonyesha kwa kidole chupa iliyobaki.
Hapana, Rodelio.